Maziwa Niliyoyakataza Ilemba

Ninyi mnaovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza mwaka huu, sogeeni niwaambie jambo ambalo halimo kwenye vitabu vyenu, maana waliovitunga hawakuwahi kusimama kwenye dirisha la dawa siku ya mnada. Naitwa Gaudensia. Kwa miaka thelathini na minne nilitoa dawa katika mkoa huu wa Rukwa, juu huku Ufipa kwenye baridi na kule chini bondeni kwenye joto, na watu wakaniita Mama Gaude, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuniogopa. Walioniogopa walikuwa wengi zaidi. Nilikuwa mnene, nilikuwa na sauti, na sikupenda mtu aniulize swali moja mara mbili.

Kustaafu kwangu hakukudumu. Nilikaa nyumbani Pito nikipalilia maharage na kugombana na kuku, mpaka siku moja akaja Edita. Edita ana duka la dawa mjini Sumbawanga. Mama yake na mimi tulifanya kazi pamoja, kwa hiyo ni mwanangu kwa namna fulani, naye hunitii kwa namna fulani. Alikuja na simu mkononi na rundo la karatasi kwapani.

"Shikamoo Mama. Nimepata wa kuniandikia maelezo ya dawa kwa Kiswahili. Dawa arobaini, asubuhi moja tu."

"Marahaba. Mtu gani huyo asiyechoka mkono?"

"Si mtu, Mama. Ni akili mnemba. Unaiuliza kwenye simu, inaandika."

Mpango wake ulikuwa mzuri, nisimnyime haki yake. Mnajua jinsi ilivyo karatasi ya ndani ya boksi. Ina Kiingereza, ina Kifaransa, wakati mwingine ina maandishi ambayo hata hatujui yasomwe kutoka upande gani, na herufi zake ni ndogo kama mbegu za ulezi. Na mtu anayeweza kuikunja tena ikaingia kwenye boksi kama ilivyotoka kiwandani sijamwona bado. Edita alitaka kila mteja aondoke na kikaratasi cha Kiswahili kinachosomeka: dawa hii ni ya nini, imezwe vipi, usichanganye na nini. Lakini hakutaka kukichapa kabla hakijalinganishwa, mstari kwa mstari, na karatasi ya boksi, ile aliyoiandika mtengenezaji na mamlaka ya dawa ikaipitisha. Akaniahidi kiti chenye mto, chai, na kalamu nyekundu. Nilikubali kwa sababu ya kalamu nyekundu.

Hapa lazima nimtaje Mzee Kastori, Mungu amrehemu, maana bila yeye msingenisikiliza leo. Yeye ndiye aliyenipokea kazini nikiwa msichana mwenye vyeti vizuri na kichwa kikubwa. Kwenye chumba chetu cha chai kulikuwa na makopo mawili yanayofanana, moja la sukari na moja la chumvi, yote yana lebo. Kila Jumatatu Mzee Kastori alifika wa kwanza na kuyabadilishia nafasi. Lebo hakuzigusa; kila kopo lilisema kweli yake. Lakini mimi niliyekwishazoea kwamba sukari iko kushoto, nilikuwa nachota bila kusoma. Nilikunywa chai ya chumvi Jumatatu saba. Kila mara alinitazama nikitema, akasema kwa upole, "Mkono wako unajua, macho yako hayajui." Nilimchukia kweli. Jumatatu ya nane nilisoma lebo, na tangu hapo hata nyumbani kwangu nasoma lebo ya kopo la chumvi nililoliandika mwenyewe.

Alitufundisha pia kulinganisha maandishi. Mmoja anasoma karatasi rasmi kwa sauti, mwingine anafuata nakala kwa kidole, na mnaanzia chini kwenda juu. Tuliona ni uwendawazimu. Lakini mtu anayesoma kutoka juu, akifika mstari wa tatu ameshakubaliana na mwandishi, na macho yake yanaanza kuona yanachotarajia. Ukianzia chini hakuna hadithi ya kukubeba, kila mstari unasimama peke yake na kujitetea. Na namba isomwe tarakimu moja moja. Usiseme "mia mbili hamsini." Sema mbili, tano, sifuri, na kidole kisimame kwenye kila moja.

Basi tukaanza, Edita anasoma boksi, mimi nafuata kwa kidole kwenye kazi ya mashine.

Niwaambie ukweli, mashine ile ina Kiswahili kizuri. Ilinipendeza, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mtu anayezungumza vizuri tunamsamehe mambo mengi. Dawa ya kwanza ilikuwa sirapu ya watoto ya homa. Maelezo safi, maneno matamu, mama anaelezwa hata jinsi ya kumpoza mtoto. Tukafika kwenye vipimo, Edita akasoma nguvu ya dawa ile iliyoko kwenye chupa: moja, mbili, sifuri. Kidole changu kilikuwa kwenye mbili, tano, sifuri. Hesabu ya mashine haikuwa na kosa hata kidogo, isipokuwa kwamba ilikuwa hesabu ya chupa nyingine, yenye nguvu mara mbili. Mtoto angepewa nusu ya anachostahili, homa isishuke, halafu mama aseme dawa za Edita ni feki.

Nikaanza kufurahi. Kwenye dawa ya tano mashine ilishauri, "Usihifadhi dawa kwenye kabati la bafuni." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwuliza Edita ni nani kati ya wateja wake ana kabati bafuni. Bafu langu mimi ni ukuta wa matofali mabichi na jiwe la kusimamia, na kitu pekee kinachohifadhiwa mle ni chura. Nikapiga mstari mwekundu. Kwenye dawa moja ya presha ikaandika mgonjwa asinywe juisi ya balungi. Nikapiga mstari tena, nikasema mashine hii inadhani tuko hotelini. Edita akageuza karatasi ya boksi.

"Mama, ipo. Wameandika hapa, balungi."

Nikafuta mstari wangu, nikasema hiyo ni bahati tu.

Kilichonishangaza zaidi ni adabu yake. Kila tulipoiandikia kosa lake ilijibu, "Asante kwa kunisahihisha, uko sahihi kabisa." Jamani, miaka thelathini na minne kazini, nimewasahihisha madaktari wangapi, hakuna aliyewahi kuniambia niko sahihi kabisa. Wengi walisema "tutaangalia." Nikaanza kuipenda. Lakini Mzee Kastori hakunilea bure. Nikamwambia Edita achukue namba moja ambayo mashine iliiandika sawasawa, aiambie kwamba imekosea. Akaandika. Ikaomba radhi kwa heshima zote, ikatushukuru, ikabadilisha namba iliyo sawa ikaweka mbovu. Hapo nikaijua tabia yake. Ni karani wa ofisi anayemwitikia kila bosi anayeingia, na akiingia bosi mwingine anamwitikia na huyo.

Nikawa natamba. Wateja wakija, nawaelezea kwa sauti jinsi mashine inavyojibu bila kufungua boksi. "Inasema tu," nawaambia. "Ina mdomo, haina boksi." Nilifurahia msemo huo, nikaurudia kwa siku mbili.

Siku ya tatu tukafika kwenye dawa mseto ya malaria. Edita alikuwa anamhudumia mteja, na boksi lilikuwa bado stoo. Mimi nikaendelea peke yangu, maana dawa mseto nimeitoa mara nyingi kuliko nilivyosali rozari. Nikakuta mashine imeandika, "Meza pamoja na chakula au kinywaji chenye maziwa." Nikatabasamu. Maziwa! Nikapiga mistari miwili, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: HAPANA, DAWA NA MAZIWA NI MAADUI. Nikachukua simu ya Edita nikaichapia mashine maneno hayohayo kwa kidole kimoja. Ikajibu kabla sijavua miwani: "Asante kwa kunisahihisha, uko sahihi kabisa. Mgonjwa aepuke maziwa anapotumia dawa hii."

Edita akarudi na boksi. "Haya Mama, chini kwenda juu."

"Hii niachie. Hii naijua."

"Boksi hili hapa, Mama."

"Edita, nilianza kutoa dawa hii wewe ukiwa unavaa sare ya shule ya msingi."

Alifungua karatasi, akaweka kidole, akasoma polepole kwa Kiingereza, kisha akatafsiri: dawa hupenya mwilini vizuri zaidi ikimezwa na chakula au kinywaji chenye maziwa, mtoto akishameza apewe kitu, maziwa, uji au supu. Nikamnyang'anya. Nikasoma mwenyewe, chini kwenda juu, juu kwenda chini. Nikatafuta tarehe, nikidhani wamebadilisha wiki iliyopita ili kuniaibisha. Tulikuwa wawili tuliokubaliana, mimi na mashine, na hakuna kati yetu aliyekuwa amefungua boksi.

Ningekuwa nimekosea kwenye kikaratasi tu, ningefuta na kunywa chai. Lakini nilikumbuka bonde.

Miaka mingi nyuma nilipangiwa kazi kule chini, upande wa Ilemba, kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Bwana mmoja aliugua homa ya matumbo, nikampa vidonge ambavyo karatasi yake inakataza kabisa kuvimeza na maziwa, maana maziwa huizuia dawa ile isiingie mwilini. Nilimweleza. Akaenda akameza kila kidonge na bakuli la maziwa, kwa sababu kwao mgonjwa asiyepewa maziwa ametupwa. Akarudi amezidiwa. Nilipandwa na hasira, nikasimama dirishani mbele ya foleni nzima nikatangaza: "Dawa na maziwa ni maadui. Mtu akiwa kwenye dawa, maziwa yatoke nyumbani." Sikusema dawa ipi. Nilikuwa nimechoka kueleza moja moja. Bwana yule alifuata, akapona, na kupona kwake ndiko kulikoniponza, maana mkewe, Bi Minza, aliitembeza sheria ile boma kwa boma kama chanjo. Nikahamishwa, nikasahau. Dawa mseto ikaja baadaye, nikaitoa miaka yote bila kuusoma ule mstari, kwa sababu maneno yangu mwenyewe yalikuwa yameniingia hata mimi.

Namba ya Bi Minza ilikuwemo kwenye daftari langu la zamani. Yangu nimeshaibadilisha mara tatu. Nikampigia, nikijipa moyo kwamba watu husahau.

"Bi Minza, habari za Ilemba? Ni mimi Mama Gaude, wa dirisha la dawa."

"Haya, sema. Nitume hela kwenye namba gani?"

"Sitaki hela. Nataka kukuuliza, kuna mgonjwa hapo?"

"Umeambiwa na nani? Mjukuu wangu Kulwa ana malaria. Wamempima, wamempa dawa mseto, ya kwanza amemeza saa mbili asubuhi."

"Amekula?"

"Hataki chakula. Analilia maziwa tu, na maziwa tumeyahamishia kwa jirani."

"Bi Minza, mpe hayo maziwa. Akimeza dawa, mpe maziwa."

Akaongea taratibu. "Wewe ni tapeli mbaya kuliko wote. Wenzako wanataka hela, wewe unataka mtoto. Mama Gaude mwenyewe alikataza." Akakata simu, na nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Edita akampata mtoa huduma wa kule, kijana aliyepangiwa kazi juzijuzi. Alisema kila siku anawaeleza watu wamezeshe dawa mseto na chakula au maziwa, na kila siku wanamjibu Mama Gaude alikataza. "Kwani yupo kweli?" akauliza. "Mimi nilidhani ni mganga wa kienyeji fulani aliyefariki zamani."

Ilikuwa saa tano. Dozi ya pili humezwa masaa manane baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo saa kumi jioni Kulwa angemeza tena tumbo likiwa tupu, akililia kitu kilekile kinachotakiwa. Nikamwambia Edita atafute gari. Akamwachia msaidizi wake duka, akachukua pikapu ya mumewe, nami nikapanda na boksi la dawa mseto mapajani. Nilikuwa na sweta langu la Sumbawanga, la sufu, lenye shingo ndefu. Tulipomaliza kuteremka mlima wa kwenda bondeni nikawa nachemka kama maharage, lakini sikulivua. Niliona ni adhabu inayonifaa.

Tulifika saa tisa na nusu. Bi Minza alikuwa amekaa mbele ya nyumba akipukuchua mahindi, amezeeka, macho yameingia ukungu. Pembeni yake alikaa jirani, Mzee Shija, mwenye afya njema sana. Kulwa alikuwa amelala kwenye mkeka, msichana wa miaka sita hivi, macho makubwa, midomo mikavu.

"Shikamoo, Bi Minza," nilisema, maana kanizidi umri. "Ni mimi niliyekupigia. Mama Gaude."

Akanikagua kutoka juu hadi chini. "Marahaba. Mama Gaude alikuwa mnene."

"Nimekonda. Nimestaafu."

"Na Mama Gaude hakuwa anaamkia watu. Aliamkiwa yeye."

Mzee Shija akatikisa kichwa kuunga mkono. Nikamwita Edita ashuhudie, wakasema Edita ni tapeli wa pili. Nikataja jina la marehemu mume wa Bi Minza, yule wa homa ya matumbo, wakasema matapeli wa siku hizi wana majina ya watu wote. Nilikuwa nageuka nitafute pa kukaa, ndipo nilipoona boksi la dawa za Kulwa limewekwa juu ya bati la banda la kuku, linapigwa na jua la bondeni.

"Nani ameweka dawa juani?" Sauti ilinitoka kabla sijaikaribisha. "Nani? Mnataka kuikaanga? Nimesema mara ngapi dawa ikae kivulini, pakavu, mbali na watoto? Mnasubiri nife ndiyo msikie?"

Kuku walitawanyika. Bi Minza aliacha gunzi likaanguka.

"Ee mayu," akasema taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ni yeye."

Akaniletea kigoda kwa mikono miwili, na sasa ilibidi niseme kilichonileta. Mashine ya Edita husema imekosea mara mia kwa siku na haitokwi hata na jasho. Mimi neno hilo sikuwahi kulisema dirishani hata mara moja. Nikaikunjua karatasi ya boksi, nikaitandaza kwenye goti langu, ingawa Bi Minza hasomi.

"Bi Minza, nilikosea. Dawa ya mzee wako kweli ilikuwa haitaki maziwa. Mimi nikachukua karatasi ya dawa moja nikaivalisha dawa zote. Hii ya malaria inataka maziwa, inataka uji, inataka chakula. Imeandikwa hapa, na ilikuwa imeandikwa siku zote."

Bi Minza akamtazama mjukuu wake. "Mwezi juzi Kulwa alimaliza dozi ya dawa hiihii," alisema. "Homa ikarudi. Nilimfungia maziwa siku tatu, analia, nami nalia. Nilisema kama Mama Gaude amekataza, basi ndiyo uzima wake."

Siwezi kuapa mbele yenu kwamba homa ilirudi kwa sababu yangu. Bondeni kule mbu hawaishi, mtoto huumwa upya. Siwezi pia kuapa kwamba haikuwa mimi. Nililia, na sisemi hili ili mnionee huruma. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Aliyepinga alikuwa Mzee Shija. "Sheria ni sheria, Mama," alisema. "Watu wameizoea. Mkianza kubadilisha leo, kesho mtabadilisha nini?"

Bi Minza akamgeukia. "Shija, nyumba hii ikiwa na mgonjwa, maziwa yanakwenda wapi?"

"Kwangu," akakiri.

"Miaka yote?"

"Yangeharibika."

"Kayalete."

Alikwenda polepole kuliko mgonjwa, akarudi na kibuyu kikiwa nusu. Hakuna aliyemwuliza nusu nyingine. Saa kumi ilipofika Bi Minza alikadiria uzito wa mjukuu kwa kumnyanyua mara moja mikononi, kama wanavyopima ndama, akasema kilo kumi na nane. Kwenye kadi ya zahanati ilikuwa imeandikwa kumi na nane na nusu. Vidonge viwili, basi, kama ilivyo kwenye karatasi. Kulwa akavimeza, nikampa kikombe, akanywa bila kupumua, akakiinua kikombe kuonyesha anataka tena.

Nikawaeleza kwamba lazima tungoje saa nzima, maana akitapika kabla ya saa kuisha, dozi hurudiwa. Tukakaa. Ndipo Bi Minza alipokohoa, akaweka mikono magotini.

"Sasa mayu, maadamu umekuja, tuambie na yale mengine uliyotukataza."

Nikauliza mengine yapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilikataza dawa ya kikohozi na asali. Nilikataza kunyonyesha mama akiwa kwenye dawa ya minyoo. Nilikataza mtu aliyechomwa sindano asishike jembe hadi kesho yake. Nilikataza mayai, hakukumbuka kwa nini. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaingia mkono wa pili, na majirani waliokuwa wamekuja kumwona Mama Gaude aliyefufuka wakaongeza yao. Mengine nilikuwa nimeyasema na nilikuwa na sababu. Mengine nilikuwa nimeyasema kwa sababu ya njaa na foleni. Mengine naapa sikuyasema, lakini yalikuwa na sauti yangu kabisa. Edita alikuwa ameshika simu, na nilimwona kidole chake kikielekea kuiuliza mashine. Akaniangalia, akairudisha mfukoni, akatoa daftari.

Kwa kila moja nilisema, "Andika. Sijui. Nitasoma boksi." Nililisema neno hilo mara kumi na nne kabla ya jua kushuka, na la kumi na nne lilitoka laini kuliko la kwanza.

Saa ikaisha, Kulwa hakutapika. Alikuwa amelala, jasho limemtoka kwenye paji la uso, mkono mmoja bado umeshika kikombe.

Nilikuwa nimepanga kurudi Sumbawanga jioni ileile. Edita akarudi peke yake na lile daftari. Mimi nilikaa Ilemba na sweta langu mpaka Kulwa alipomeza dozi ya sita, jioni ya siku ya tatu, na kila dozi, kikombe cha maziwa nilikishika mimi.